Jinsi ya kutazama filamu ya maisha mawili bila kupotea: mwongozo kamili wa La double vie de Véronique

Mara ya kwanza kuitazama filamu hii nililaumu diski. Mhusika mkuu alikuwa amekufa jukwaani, akazikwa, udongo ukamwagwa juu ya kamera kana kwamba mimi ndiye niliyelala mle kaburini. Halafu ghafla, mwanamke yuleyule yuko hai, kitandani na mwanamume, katika nchi nyingine na lugha nyingine. Na filamu yenyewe ilikuwa bado mbichi kabisa. Nikaitoa diski, nikaifuta kwa shati, nikairudisha. Ikafanya vilevile. Nikazima, nikaenda kulala, na kwa miaka kadhaa nikawa nawaambia watu kwamba ile ni filamu ya wasomi, haina kichwa wala miguu.

Kumbe diski ilikuwa nzima. Mbovu ilikuwa namna yangu ya kutazama. Nilikaa kama mtu anayefuatilia mkasa: nani kafanya nini, kwa sababu gani, na mwisho itakuwaje. Filamu zinazohoji ningekuwa nani kama nisingekuwa mimi hazifunguki kwa ufunguo huo. Baada ya kuirudia mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, nimebaki na kanuni moja tu ambayo mwongozo huu wote unaizunguka: usifuate maana, fuata vitu. Maana huja yenyewe, imeshika mkia wa vitu.

Kama hujaitazama bado, soma mpaka mwisho wa hatua ya pili, kisha simama. Kuanzia hatua ya tatu nafichua kila kitu.

Mambo machache ya kujua kabla

Filamu ilitoka mwaka 1991 na ina dakika 98 hivi. Mwongozaji ni Krzysztof Kieślowski, Mpoland aliyezaliwa Warsaw mwaka 1941 na kufariki 1996, ambaye alianza kazi kwa filamu za hali halisi kabla ya kuhamia hadithi za kubuni. Hilo la hali halisi likumbuke, kwa sababu mtu huyu alijifunza kwanza kutazama vitu vilivyopo ndipo akaanza kubuni visivyokuwepo. Hadithi aliiandika na Krzysztof Piesiewicz, ambaye kazi yake ya awali ilikuwa uwakili. Muziki ni wa Zbigniew Preisner, na picha zilipigwa na Sławomir Idziak.

Irène Jacob ndiye anayecheza wanawake wote wawili, na tamasha la Cannes la mwaka huohuo lilimpa tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Sauti inayoimba siyo yake. Ni ya Elżbieta Towarnicka.

Kuhusu kisa, jua haya tu. Kuna Weronika nchini Poland na Véronique nchini Ufaransa. Wana sura moja, wote wamefiwa na mama, wote wako karibu sana na baba zao, wote wanaimba, na wote wana moyo usio na nguvu. Hawajuani. Zaidi ya hapo usitafute muhtasari popote. Muhtasari wa filamu hii ni kama kusimuliwa harufu.

Jambo lingine la kujua mapema ni kwamba filamu za maisha mbadala haziko za aina moja, na watu wengi hupotea kwa sababu wanaiuliza filamu ya aina hii swali la aina ile. Ziko za njia panda, ambapo mtu mmoja anapewa maisha mawili au matatu kutokana na tukio moja dogo, mathalani kuwahi au kukosa treni. Hapo swali lako ni: nini kilibadilika, na nini hakikubadilika? Ziko za kuyeyuka, ambapo watu wawili wanaanza wakiwa wawili na polepole mpaka kati yao unapotea, kama katika Persona ya Ingmar Bergman ya mwaka 1966, ambamo nyuso za wanawake wawili zinaunganishwa kuwa uso mmoja. Hapo unauliza: sasa hivi anayesema ni nani? Halafu ziko za pacha, ambapo watu wawili wasio na udugu wanaishi kwa wakati mmoja maisha yanayofanana. Filamu yetu ni ya kundi hili la mwisho, na swali lake ni: kitu gani kinavuka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwenzake?

Andika swali hilo kwenye karatasi uliweke karibu. Wala sitanii.

Hatua ya kwanza: andaa chumba na skrini

Zima taa. Filamu hii ina vivuli vingi na rangi ya dhahabu iliyofifia, na mwanga wa balbu ukigonga skrini unaua nusu ya kazi ya Idziak. Kama unatumia televisheni, ingia kwenye mipangilio ya picha uondoe ile hali ya rangi kali, ile inayofanya nyasi zing'ae kama plastiki. Chagua hali ya sinema kama ipo. Ondoa pia ulainishaji wa mwendo, ule unaofanya filamu ifanane na mchezo wa runinga uliorekodiwa studio.

Tafuta nakala yenye sauti ya asili na tafsiri iliyoandikwa chini ya skrini. Iliyoingizwa sauti za lugha nyingine achana nayo. Kuhama kutoka Kipolandi kwenda Kifaransa ni sehemu ya hadithi. Ukisikia lugha moja tangu mwanzo hadi mwisho, umenyang'anywa mpaka ambao Weronika na Véronique wametenganishwa nao.

Vaa vipokea sauti vya masikioni kama spika zako ni za kubahatisha. Katika filamu hii kuna sehemu nzima inayoeleweka kwa kusikiliza kelele ndogondogo.

Simu iende chumba kingine.

Hatua ya pili: tazama mara ya kwanza bila kusimamisha

Usiandike chochote, usirudishe nyuma, usimuulize uliye naye "huyu nani tena?" Ukipotea, potea. Jipe kazi moja tu ya mkono: kila unapoona kioo, gusa goti lako. Kioo cha namna yoyote, iwe dirisha la treni, lenzi, kioo cha kujitazamia, au kimpira kinachopenyeza mwanga. Utagusa goti mpaka uchoke. Kazi hii ya kijinga ina faida mbili: inaizuia akili isikimbilie kutafsiri, na inayafundisha macho yaanze kuona vitu kabla ya watu.

Wale ambao hawajaitazama tunaachana hapa. Tutakutana baadaye.

Hatua ya tatu: dakika kumi za baada

Jina la mwisho likishapita, kabla hujasoma uchambuzi wa mtu yeyote, andika mambo matatu: picha iliyokubaki, sauti iliyokubaki, na mahali ulipochoka. Hilo la tatu watu hulikwepa kwa aibu, na ndilo lenye faida kuliko yote. Mahali ulipochoka kwa kawaida ni mahali ulipokuwa unasubiri kisa, na mwongozaji alikuwa anakuonyesha kitu.

Siyo kila mara, lakini. Wakati mwingine filamu inachosha tu. Mimi nachoka na Alexandre, yule mchezesha vikaragosi na mwandishi wa hadithi za watoto anayemvuta Véronique kwa simu za usiku na vifurushi vya posta. Nimejaribu kumpenda nikashindwa. Siku hizi naamini hatukukusudiwa kumpenda, maana mtu anayemchezea mwenzake ili apate kitabu ni sawa tu akituchosha. Lakini kama wewe umempenda, liandike hilo pia, kwa sababu utakapoitazama tena litakuwa na kazi.

Hatua ya nne: daftari la safu mbili

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo ningekushauri utumie jioni nzima. Chukua daftari, piga mstari katikati ya ukurasa. Juu kushoto andika Weronika, juu kulia Véronique. Tazama filamu mara ya pili, sasa ukisimamisha unapotaka, na kila kitu kinachoonekana pande zote mbili kiandike mbele ya mwenzake.

Nakupa mfano wa jinsi ukurasa wangu ulivyojaa.

Kimpira. Weronika anakitoa ndani ya treni akielekea Kraków, kidogo, kinapenyeza mwanga, kina vinyota ndani. Anakishika mbele ya jicho, na mandhari inayopita dirishani inageuka juu chini. Upande wa pili, Véronique naye anacho kimpira kama hicho. Hakuna anayekielezea wala kuuliza kilikotoka. Lakini rudi mwanzo kabisa wa filamu: mtoto wa Kipolandi ameinamishwa anautazama usiku kichwa chini, mama akimwonyesha nyota, kisha mtoto wa Kifaransa anaonyeshwa jani la kwanza la majira ya kuchipua na mishipa yake midogo. Mmoja kafundishwa kutazama mbali, mwingine karibu. Kimpira kina yote mawili, nyota ndani yake na dunia iliyopinduka.

Pete. Wote wawili wana tabia ya kupitisha pete ya dhahabu chini ya jicho, kwenye ukingo wa kope. Kitendo cha sekunde chache, na mara ya kwanza hukukiona, nina hakika.

Bibi kizee. Weronika anamwona kwa dirishani bibi aliyelemewa na mizigo, anampigia kelele kwamba atashuka kumsaidia. Baadaye Véronique, akiwa kazini shuleni, anamwona kwa dirishani mwanamke mzee anayejikongoja. Jaza mwenyewe safu ya kulia: yeye anafanya nini?

Uzi. Huu ndio niupendao. Weronika anapoimba kwenye majaribio, mikono yake inahangaika na uzi wa faili la noti zake za muziki, anauzungusha kidoleni mpaka unabana. Véronique anapokea kwa posta kamba ya kiatu, bila barua. Anaitupa. Baadaye anaenda kuitafuta kwenye takataka. Halafu anafanya jambo ambalo hakuna aliyemwambia afanye: anachukua karatasi ya kipimo chake cha moyo, ile yenye mstari unaopanda na kushuka, na kuilaza kamba juu yake. Kisha anaivuta ikanyooka.

Simamisha hapo. Mstari wa moyo ulionyooka kila mtu anajua maana yake. Véronique hajui kwamba kuna mtu mwenye moyo kama wake ambaye mstari wake umenyooka. Mikono yake inajua. Filamu haikusema neno hata moja, na wewe umeelewa kwa sababu ulikuwa unafuata kamba.

Ukishajaza kurasa mbili hivi, chukua kalamu ya rangi nyingine uanze kupanga vitu vyako. Utaona baadhi vimejirudia tu, kama pete. Vingine vimevuka nusu, kama uzi, vikabadilika umbo njiani. Na vichache vimesahihishwa. Hivi vya kusahihishwa viwekee alama kubwa. Karibu na mwisho Alexandre anasoma hadithi anayoiandika ya wasichana wawili waliozaliwa siku moja katika miji tofauti. Mmoja akiwa mtoto aliunguza mkono kwenye jiko. Siku chache baadaye yule mwingine naye alinyoosha mkono kuelekea jiko, akaurudisha kabla haujagusa.

Sasa soma safu zako upya ukiwa na jiko hilo akilini. Weronika anaimba mpaka moyo unasimama. Véronique, bila kuweza kujieleza, anamwendea mwalimu wake wa uimbaji na kumwambia anaacha. Mwalimu anakasirika, anaona kipaji kinapotezwa bure. Kwa mujibu wa safu yako ya kushoto, hakijapotezwa bure hata kidogo. Mtu mwingine alikwishalipia.

Mbegu ya jambo hili Kieślowski aliipanda mapema, katika mfululizo wake wa runinga Dekalog wa mwishoni mwa miaka ya 1980: katika sehemu ya tisa anapita msichana mwenye ugonjwa wa moyo anayetakiwa kuchagua kati ya kuimba na kuishi. Ni kama vile hakuridhika na kuchagua kwa niaba yake, akaamua kumpa maisha mawili.

Hatua ya tano: isikilize bila kuitazama

Igeuze skrini ukutani au fumba macho. Usisikilize filamu nzima. Anza na onyesho la tamasha ambamo Weronika anakufa, kisha ruka hadi darasa la muziki la Véronique, kisha simu ya usiku, kisha kaseti.

Wimbo ni uleule. Ndani ya filamu unatajwa kuwa wa Van den Budenmayer, mtunzi Mholanzi wa zamani. Usipoteze muda kumtafuta, hakuwahi kuishi. Ni mzaha wa Preisner na Kieślowski, ambao walikuwa wakimtumia pia katika kazi nyingine. Nao mzaha huo unaendana na filamu kuliko unavyoonekana: mtunzi mwenye maisha kamili, isipokuwa tu hakuwepo.

Maneno ya wimbo, lakini, ni ya kweli. Yametoka katika Paradiso ya Dante, utenzi wa pili, kwa Kiitaliano cha kale. Mshairi anawaambia waliomo katika vyombo vidogo, wanaoifuata jahazi yake kwa hamu ya kusikiliza, kwamba warudi wakazitazame tena pwani zao, wasithubutu kuingia bahari kuu, wasije wakapotea. Hakuna tafsiri chini ya skrini ya kukwambia hivyo katika nakala nilizoziona. Sasa fikiria: Weronika anakufa akiliimba onyo hilo kwa sauti ya juu, na anayelisikia na kugeuza chombo ni Véronique.

Niliposoma hilo kwa mara ya kwanza nilisimama nikazunguka chumba.

Kaseti anayotumiwa Véronique ni zoezi zuri la masikio. Ina nyayo, milango, matangazo ya stesheni, vishindo vya mtaani. Yeye anakaa nayo, anasikiliza, anakisia, na mwisho anapata mahali: stesheni ya Saint-Lazare, Paris. Fanya kama yeye. Andika kila sauti unayoitambua kabla yake. Anachofanya yeye na kaseti ndicho tunachofanya sisi na filamu, na nadhani mwongozaji alijua.

Hatua ya sita: rangi, kwa ufupi

Simamisha filamu popote pale na utafute kitu cheupe. Ukuta, karatasi, shuka. Hutakipata. Kila cheupe kimeingia manjano au kijani, kwa sababu Idziak aliweka vichujio mbele ya lenzi. Miaka michache kabla, katika filamu ya Kieślowski kuhusu mauaji na adhabu ya kifo iliyotoka 1988, mpigapicha huyohuyo alitumia vichujio vya kijani na dunia ikaonekana chafu na katili. Hapa dhahabu imefanya kinyume: vitu vya kawaida kabisa vinaonekana kama vinakumbukwa na mtu. Anayekumbuka ni nani, hilo liandike chini ya ukurasa wako kama swali. Usilijibu leo.

Hatua ya saba: rudia uwanja wa Kraków mara mbili

Kuna onyesho moja linalostahili kutazamwa peke yake. Weronika anakatiza uwanja mkuu wa Kraków wakati kuna maandamano. Mtu anamgonga, noti zake za muziki zinatawanyika chini. Anainua macho, na kwenye basi la watalii kuna msichana mwenye uso wake, anapiga picha haraka haraka kabla basi halijaondoka.

Mara ya kwanza mtazame Weronika tu. Anasimama. Watu wote uwanjani wana haraka, yeye peke yake hatikisiki, na usoni mwake hakuna hofu. Mapema alikuwa amemwambia baba yake kwamba anahisi hayuko peke yake duniani. Sasa amepata jibu, na hana wa kumwambia.

Mara ya pili mtazame aliye ndani ya basi. Kamera iko machoni pake. Anapiga picha ya kila kitu, pamoja na mwanamke aliyesimama akimtazama, na hamwoni. Aliyetazama kwa macho kaona. Aliyetazama kupitia kioo (gusa goti) hakuona, ila kioo kimemhifadhia.

Sasa ruka hadi chumba cha hoteli, Paris. Alexandre amemwaga vitu vya mkoba wa Véronique kitandani, akakuta karatasi ya picha ndogondogo za safari ile. Anamsifu kwa picha moja, wewe hapa umevaa koti kubwa. Véronique anaangalia. Anasema ile siyo koti lake. Kisha anaelewa, na analia kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba mwezi mzima baada ya maziko. Kumbuka kwamba siku ya maziko yenyewe, kitandani, alishikwa na huzuni ya ghafla asijue inatoka wapi. Machozi ya siku ile yamepata mwenyewe.

Na huo ndio mshono niliodhani ni ubovu wa diski. Kaburi la mmoja na kitanda cha mwingine vimeshonwa pamoja kwa sababu huzuni imevuka, ikatua kwa Véronique sekunde ileile.

Hatua ya nane: ongea na watu, kwa sheria moja

Ukiitazama na wenzako, wekeni sheria: hakuna kutoa maana kabla ya kutaja kitu. Anayetaka kusema "Alexandre ni Mungu" aanze na vikaragosi. Kweli, mchezesha vikaragosi anatengeneza wanasesere wawili wenye sura ya Véronique, na anapoulizwa kwa nini wawili anajibu kwamba wanashikwashikwa sana wakati wa maonyesho na kuharibika upesi. Jibu la fundi, halina uchungu wowote, na ndiyo maana linatisha. Tafsiri ya Mungu, au ya mwongozaji mwenyewe, ina mashiko. Lakini mtazame Véronique anaposikia jibu hilo na hadithi ya jiko. Havutiwi. Anaondoka zake kwenda kwa baba yake. Nani basi anachezeshwa?

Swali la kupiga marufuku ni "yupi wa kweli?" Linaua mazungumzo ndani ya dakika mbili.

Hatua ya tisa: linganisha na filamu ya njia panda

Ndani ya wiki moja, kabla daftari halijapoa, tafuta filamu nyingine ya Kieślowski, Przypadek. Aliitengeneza mwaka 1981, ikafungiwa baada ya sheria ya kijeshi kutangazwa Poland Desemba mwaka huo, na watazamaji wakaiona 1987. Kijana Witek anaikimbilia treni ya kwenda Warsaw. Mara moja anaidaka, anaishia kuwa mwanachama wa chama tawala. Mara nyingine anagongana na mlinzi wa stesheni, anakamatwa, anaingia upinzani. Mara ya tatu anaikosa tu, anakutana na msichana waliyesoma naye, anakuwa daktari asiyetaka siasa.

Tumia daftari lilelile, safari hii kwa safu tatu. Anza na sarafu inayobiringika sakafuni pale stesheni, mlevi anayeiokota akanunua bia, na kama Witek anamgonga mlevi huyo au la. Sarafu hiyo tu imetosha kumfanya mtu mwingine. Halafu angalia ni nini kinabaki kilekile katika safu zote tatu: utaona Witek ana adabu ileile, upole uleule, hata anapokuwa upande ambao wewe ungeuchukia.

Tofauti utaihisi mara moja. Witek wa kwanza hamjui wa pili, na wala hawezi kumfaa kitu. Maisha yake matatu yamekaa kama vyumba visivyo na milango. Miaka kumi baadaye Kieślowski akatoboa tundu ukutani, dogo, la kupitisha uzi.

Hatua ya mwisho: kagua nakala yako inaishaje

Fanya hivi kabla hujabishana na mtu kuhusu mwisho, kwa sababu inawezekana hamkutazama kitu kimoja. Msambazaji wa Marekani aliona mwisho wa awali unawaacha watazamaji hewani, na Kieślowski akakubali kuongeza shoti chache kwa ajili ya nchi hiyo: Véronique anakimbilia kwa baba yake, wanakumbatiana. Nyumba, joto, kumbatio. Mimi nauona mwisho huo kama sukari kwenye chai ambayo tayari ina asali, ingawa najua watu wenye akili timamu wanaoupenda. Kieślowski mwenyewe hakuwa mkali sana juu ya toleo moja. Aliwahi kuwa na wazo la kutengeneza matoleo 17 yanayotofautiana kidogo, moja kwa kila ukumbi ambao filamu ingeonyeshwa Paris. Muda na fedha havikuruhusu.

Kama nakala yako inaishia kwenye kumbatio, tafuta nyingine ulinganishe. Kama inaishia kwenye gari lililosimama nje ya nyumba, rudisha nyuma kidogo. Véronique anashusha kioo cha dirisha, kioo kinaondolewa kwa makusudi, anatoa mkono na kuweka kiganja kwenye gome la mti. Baba yuko ndani, anashughulika na mbao zake. Anainua kichwa.